Chupa Huchorwa Kabla ya Kuvunjwa

Hongera kwa mwanafunzi aliyeshindwa kuchora chupa ikasimama wima, kisha akatangaza kwamba amehamia kwenye kubizimu, mtindo wa Picasso na Braque wa kuchora kitu kutoka pande kadhaa kwa pamoja. Kwa hesabu zake, mtindo huu ni kimbilio la mistari iliyopinda: kata gitaa vipande, paka rangi ya udongo, na mgeni akiuliza, mwambie haelewi sanaa. Bahati mbaya, ushahidi haumbebi. Mwaka 1897, Picasso akiwa na miaka 15, alichora daktari akimpima mgonjwa mapigo ya moyo, na mkono ulikuwa mkono. Braque naye alijifunza kwanza kupaka rangi na kupamba nyumba. Ndiyo maana mbao alizoziigiza kwa rangi zilifanana na mbao.

Utasema sanaa ni uhuru. Sawa, lakini kuonyesha mdomo wa glasi kutoka juu na ubavu wake kutoka mbele, vyote kwa pamoja, kunataka uijue glasi pande zote. Asiyeijua kwa upande mmoja ataijuaje kwa pande nne? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu wetu amevunja chupa tu, na vipande ameviita mtindo.