Sifa za Bawabu

Washairi wamewasifu wafalme, mashujaa na wanawake wazuri, lakini sijapata kumwona aliyeshika kalamu kumsifu bawabu ambaye kampuni za michezo ya kompyuta humweka ndani ya mchezo ziuzao ili amzuie mwizi. Na kwa kuwa mtumishi huyu hutukanwa usiku na mchana na watu wale wale wanaomlipia mshahara, insafu yanilazimisha kumtetea.

Fadhila yake ya kwanza ni kumtia mnunuzi adabu. Mwaka 1985, Waingereza walionunua mchezo wa Elite kwa kompyuta ya ZX Spectrum walikuta ndani ya boksi kijilenzi cha plastiki kilichoitwa Lenslok, ambacho ilimpasa mtu akikunje, akiweke mbele ya kioo cha televisheni yake, kisha akodoe macho hadi zisomeke alama mbili zilizovurugwa makusudi. Televisheni ikiwa kubwa mno au ndogo mno, hazikusomeka. Na baadhi ya wanunuzi walitiliwa lenzi ya mchezo mwingine kabisa, wakakodoa bure. Mwizi hakuhitaji lenzi.

Fadhila ya pili ni subira. SimCity ya Machi 2013 ilimtaka mchezaji, hata anayecheza peke yake chumbani, aunganike na seva za kampuni ya Electronic Arts muda wote. Seva zikaelemewa siku za mwanzo, na watu waliokwisha kulipa wakapanga foleni kungojea ruhusa ya kuingia katika miji waliyoijenga kwa mikono yao. Kampuni ikawapa mchezo mwingine kuwa kifuta machozi, na mwaka 2014 ikakubali SimCity ichezwe bila ya intaneti.

Lakini kinachonistaajabisha zaidi ni tawadhui yake mwenyewe. Mwaka 2008, watu waliokuwa wameupakua kwa fedha zao mchezo wa Rainbow Six Vegas 2 walitakiwa, baada ya sasisho moja, waingize diski ambayo hawakupewa kamwe. Ubisoft, kampuni yenye mchezo huo, ili kuwaokoa ikawapa faili. Wadadisi wakalichungulia, wakakuta ndani yake jina la Reloaded, kundi mashuhuri la wavunja kufuli. Yaani bawabu alipopotewa na ufunguo alikwenda kuuazima kwa mwizi, na mwizi, Mungu amzidishie, alikuwa nao.

Ajabu ni kwamba watumishi wa namna hii hawaenziwi uzeeni. Microsoft ilipoleta Windows 10 mwaka 2015 ilimkatalia nafasi SafeDisc, mmoja wa mabawabu wakongwe, kwa kuwa programu yake ilikuwa tundu la hatari kwa kompyuta nzima. Tangu hapo diski halali alizozilinda zimegoma kufunguka katika mfumo huo, mpaka mwenyewe atafute hila ya kumkwepa. Na nakala za wizi, ambazo bawabu wake aliondolewa zamani, hazikupata udhia wowote kwa kufukuzwa kwake.