Pimamaji Tatu, Ukuta Mmoja

Mwanamume akishanunua drili, kuta za nyumba yake hazipati tena amani. Kabla ya hapo ukuta ni ukuta tu: unabeba paa na kuwazuia majirani kuona mnakula nini. Drili ikiingia ndani, ukuta unageuka kiwanja kisichoendelezwa. Ataupita akienda kuoga, atasimama, ataupapasa, kisha atakuambia, "Hapa pangekaa rafu." Kwetu sasa kulabu za kutundikia funguo ni nyingi kuliko milango, na funguo zenyewe bado tunazitafuta chini ya makochi.

Mimi ni mke wa mhasibu na binti wa seremala, kwa hiyo mambo haya nimeyaona pande zote mbili. Marehemu baba alifanyia kazi chini ya mwembe huko Muheza. Vifaa vyake vyote viliingia kwenye sanduku moja la mbao: misumeno miwili, randa, patasi, nyundo, skwea, keekee ya kuzungusha kwa mkono, tupa ya pembetatu na jiwe la kunolea. Kwa sanduku hilo alitengeneza vitanda, milango, makabati ya maharusi na, ilipobidi, majeneza. Baba Watoto ana vifaa vinavyojaza banda zima la gari. Gari linalala nje linanyeshewa, na kitu pekee kilichokwisha kutoka humo ni rafu ya viatu ambayo watoto wameifanya goli.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nilimkumbusha hilo tukiwa njiani kwenda Kariakoo kununua drili. Akanijibu kwamba hao wahenga hawakuwahi kufika Gerezani.

Kwa kweli alikuwa na hoja. Gerezani maduka ya vifaa yamebanana mpaka nyundo za huyu zinaning'inia juu ya kaunta ya yule, na muuzaji anajua tangu uko mbali kwamba hujui unachokitaka. Huyu wetu alituwekea drili mbili mezani. "Hii ni mchina, mzee. Hii ni orijino." Nikageuza maboksi yote mawili. Yote yalikuwa yametoka China. "Orijino ya China, mama," akarekebisha, hata jicho halikupepesa.

Kisha akaichomeka ile ya bei kubwa kwenye umeme na kubonyeza. Ikanguruma. Drili nyingi huuzwa kwa mtindo huo, kwa mlio, kwa sababu dukani hakuna ukuta wa kujaribia wala mbao, kuna hewa tu, na hewa inatobolewa na drili yoyote. Nilimtazama mume wangu, mtu anayeweza kukesha akitafuta shilingi mia mbili zilizopotea kwenye hesabu za ofisi, na nikaona uhasibu wote unamtoka usoni. Tukarudi nyumbani na boksi la plastiki lenye mashine na biti za kila unene, zimepangwa vizuri, zinameremeta.

Hizo biti ndizo alizopaswa kuzitazama. Baba alikuwa akisema mashine au mkono ni wa kusukuma tu, kazi inafanywa na ncha. Biti ya ukutani ina kibamba kigumu cha kabaidi mwishoni, kipana kidogo kuliko shina lake, na kazi yake ni kuponda, siyo kukata. Ya chuma imechongwa mteremko unaokata. Ya mbao ina kijisindano katikati ili isitangetange. Halafu kwenye drili kuna swichi ndogo yenye picha ya nyundo: kwa ukuta unaiwasha, kwa mbao na chuma unaizima. Yote hayo yamo kwenye kijitabu. Kijitabu kiliwekwa siku hiyo hiyo chini ya mguu wa meza ya kulia chakula iliyokuwa ikitikisika, na sijaona kitu kingine kutoka boksi lile kinachofanya kazi yake vizuri hivyo.

Basi Baba Watoto akapanda juu ya stuli, akaukabili ukuta wa sebuleni kwa biti ya chuma, nyundo imezimwa. Drili ikalia. Ikaendelea kulia. Harufu ya kuungua ikafika jikoni nilikokuwa nakaanga samaki, nikadhani ni mimi. Alipoitoa, ncha ilikuwa imegeuka rangi ya bluu na pembe zake zimelainika kabisa. "Hii nyumba ilijengwa," akasema kwa fahari. "Huu ukuta ni jiwe!"

Haukuwa jiwe. Alipokuja kugundua biti sahihi na ile picha ya nyundo, ukuta ule ule ulionyesha sura yake ya kweli. Tofali zetu nyingi za mtaani ni mchanga uliosikia habari za simenti. Alilenga tundu la milimita sita, likatoka tundu linalopitisha kidole gumba, na mchanga ukamiminika juu ya kochi. Vile vidude vya plastiki vinavyotangulia skrubu viliingia bila ubishi na kutoka bila ubishi. Akajaza njiti za kiberiti na gundi, akakaza skrubu, fimbo ya pazia ikasimama, akaipiga picha.

Ilisimama hadi mama yangu alipokuja kututembelea. Asubuhi alivuta pazia apate mwanga wa kusomea, na pazia, fimbo, skrubu na njiti vikamshukia kwa pamoja. Mkwewe alifika mbio. "Pole sana mama. Huu ukuta una matatizo."

"Ukuta si huo hapo, baba," mama akamjibu akijifunua. "Wenyewe haujaanguka."

Kuna na ile siku alipotoboa juu kabisa ya swichi ya taa. Waya unaokwenda swichi kwa kawaida hupanda au kushuka wima ukutani, kwa hiyo ule mstari wa juu na chini ya swichi na soketi hauguswi. Giza likaingia. Akamtuma mtoto nje akaulize kama umeme umekatika mtaa mzima. Mtoto akarudi na jibu kwamba mtaa mzima unatazama mpira. Tunamshukuru Mungu kwamba swichi kuu ilijizima kwa wakati, maana hapo pangeweza kuwa na msiba na nisingekuwa naandika ucheshi.

Sasa nije kwenye rafu ya jikoni, ambayo ilitugawa nyumba nzima.

Mbao ilikuwa paini, zile zinazoshushwa kwa malori kutoka Mufindi zikiwa bado na utomvu. Mbao mbichi hunywea ikikauka, zaidi kwenye upana na unene, kidogo sana kwenye urefu, na ndiyo maana hata duka la maana likikuuzia moja kwa nane utakuta kwako ni moja kwa saba na ushei. Baba Watoto alihisi ameibiwa, akarudi na futi yake kwenda kugombana. Kisha akaipasua mbao kwa urefu kwa msumeno wa kukatia. Nilimsikia kutoka chumbani: huo msumeno haukati, unalalamika. Meno ya msumeno wa kupasulia yamenyooka, kila moja linachimba na kutupa mbele, linafuata nyuzi za mti. Meno ya wa kukatia yamepigwa tupa kwa upande, moja huku na jingine kule, ili yazikate nyuzi zinazopita mbele yake. Ukitumia wa kukatia kupasulia utafika, lakini utafika kesho. Baba alikuwa akituketisha na kutuzungushia msumeno juani, ule mwanga unakimbia juu ya meno mpaka unapokwama. Pale ulipokwama ndipo penye jino butu. Nilimwonyesha mume wangu. Akakubali kwamba inapendeza, akaenda kununua msumeno wa umeme.

Misumari nayo ikapasua mbao mwishoni. Kwa hili nilishindwa kuvumilia, nikatoka. Msumari ukikaribia mwisho wa mbao ncha yake kali inatenganisha nyuzi. Ugeuze kichwa chini, uuweke juu ya chuma, uigonge ncha mara moja iwe butu, halafu ndiyo uupigilie. Utaponda nyuzi badala ya kuzitenga, na mbao haitapasuka. Majahazi ya Nungwi yanatobolewa kwanza kwa keekee ndipo msumari upite, kwa sababu hiyo hiyo. Nikapigilia mitatu. Jirani aliyekuwa akituchungulia ukutani akasema, "Kumbe fundi ni mama!" na kwa muda mrefu hapo nyumbani hapakuwa na mazungumzo.

Rafu ikatundikwa. Pimamaji ikawekwa juu yake, kiputo kikatulia katikati. Nikaweka yai, yai likaondoka.

"Pimamaji haisemi uongo," akasema Baba Watoto.

"Yai nalo?"

Akaenda kununua pimamaji ya pili, ndefu zaidi, na hiyo ikasema rafu imeinuka kushoto. Ya kwanza ikashikilia msimamo wake. Mhasibu akiwa na taarifa mbili zinazopingana hutafuta mkaguzi, kwa hiyo ikanunuliwa ya tatu. Ya tatu ikasema imeinuka kulia. Tukakaa jikoni jioni nzima tukibadilisha pimamaji juu ya rafu, watoto wakiweka mayai, na kila yai likichagua upande ambao haukupendekezwa na kifaa chochote.

Kuijaribu pimamaji si kazi. Iweke mahali, soma kiputo, kisha igeuze kichwa miguuni hapo hapo. Kama ni nzima, kiputo kitasimama pale pale hata kama mahali penyewe pameinama. Kama kimehama, irudishe dukani. Tulizigeuza zote tatu. Zote tatu zilihama. Siku iliyofuata kijana wa uashi aliyekuwa akijenga ukuta wa jirani alikuja na kipande cha mpira wa plastiki ule unaoonekana ndani, akaujaza maji, akahakikisha hauna viputo, akashika ncha moja huku na mimi nyingine kule. Maji hayajui chapa wala bei; yakasimama usawa mmoja pande zote mbili. Rafu yetu ilikuwa imepishana kwa upana wa vidole viwili. Mpira ule ni kitu cha kuokota. Baba Watoto aliuangalia kwa chuki ambayo sijawahi kumwona nayo, hata kwa wakaguzi wa kodi.

Habari za vifaa zikishasambaa mtaani, vifaa si vyako tena. Nyundo yetu ilirudi na mpini mwingine. Spana malaya imeshalala nyumba nyingi kuliko mjumbe. Kuna mtu aliazima ngazi kubadilisha balbu, na nilipoifuata nilikuta kuku wameshaizoea. Kukataa huwezi, maana chumvi unaomba kwao. Nikaanzisha utaratibu: ukichukua kifaa, acha sufuria. Mume wangu aliona ni fedheha, ila tangu hapo vifaa vinarudi kabla ya muda wa kupika.

Kitu kimoja tu sikifanyii mzaha, nacho ni grenda. Ile ndogo ya diski ya milimita 115 huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, na diski ikipasuka vipande havina adabu. Mafundi wengi mtaani huvua ile kinga ya chuma kwa kuwa inawabana, wanavaa miwani ya jua, wanaendelea. Nilimkuta Baba Watoto ameshavua kinga, anajaribu kufunga diski ya meno ya kukatia mbao, kitu ambacho grenda haikuumbiwa. Nilichomoa waya, sikusema neno. Diski za kukatia zina tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye kile kiduara cha chuma katikati, kama maziwa, na za kwake zilikuwa zimeshachacha. Mashine yenyewe niliificha kwenye pipa la unga wa ugali, mahali ambapo mwanamume wa nyumba hii hajawahi kufika.

Kabati la jikoni tulimwita fundi wa Keko. Alikuja na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na nyundo, penseli na chapati mbili.

"Mama, drili si mnayo?" aliniuliza mlangoni. Sijui nani alimwambia.

Alitumia drili yetu, biti zetu, skrubu zetu, na skwea ya marehemu baba ambayo aliishika muda mrefu kabla ya kuitumia, akiichungulia pembe yake dhidi ya dirisha. Kabla ya adhuhuri kabati limesimama, milango inafunga bila kusukumwa. Kisha akataja hesabu: kazi elfu themanini, kifaa elfu ishirini.

"Kifaa gani?" akauliza Baba Watoto.

"Drili, mzee."

"Drili si yangu?"

"Ni yako, mzee. Lakini ningekuja na yangu si ningekutoza?"

Mume wangu alikaa kwenye stuli akilitafuta kosa kwenye hesabu hiyo. Nilimwona midomo inacheza, anajumlisha, anatoa. Mwishowe akafungua pochi na kulipa zote, ila akadai risiti. Fundi akachana kipande cha msasa, akageuza upande wa karatasi, akamwandikia.