Kidonda Kisicho na PF3

Mtu akisikia nafanya mekapu huniuliza bei ya bibi harusi. Nikimwambia kazi yangu ni majipu, makovu na pua za mazimwi ya filamu, hubadili mazungumzo.

Shida huanzia kwenye harufu. Utomvu wa mpira hutiwa amonia usigande ndani ya chupa, na amonia ndiyo hiyohiyo inayonuka kwenye mkojo uliolala. Kalibu ya plasta haipakwi mara moja ikaisha: unapaka utomvu mwembamba, unasubiri ukauke, unapaka tena, mchana kutwa, madirisha wazi. Upande wa pili wa ukuta bibi wa jirani anamgombeza mjukuu wake. Kila nikitengeneza zimwi, mtoto wa watu anaambiwa amekojoa kitandani.

Chupa yenyewe, kwa kuwa imetoka ng'ambo, imeandikwa "rangi ya ngozi". Ngozi ya nani, hawakusema. Iliyomo ni ya waridi kama soseji mbichi. Hapo huanza kazi ya pili ya kuifanya iwe ya Mtanzania, tena si kwa rangi yoyote, maana mafuta ya madini hula mpira. Wakongwe wa fani walichanganya rangi zao na mafuta ya nyonyo.

Ila wakongwe hao walikuwa na raha zao. John Chambers alipewa Oscar ya heshima kwa nyuso za sokwe wa Planet of the Apes, filamu ya 1968, na waigizaji wake walikunywa kwa mrija ili midomo isibanduke. Jaribu kumpa mwigizaji wa Dar es Salaam mrija saa saba mchana, pilau ikiwa imeshapakuliwa. Kovu la shavuni hutafuna naye, na kwa jasho la Februari hutangulia kufika kwenye kachumbari.

Hayo yote ni cha mtoto mbele ya siku ya panga. Kijana mmoja nilimpasua paji la uso vizuri, kingo hazionekani, damu ya sharubati na kakao inachuruzika. Jenereta likagoma. Jua likampiga, kichwa kikamuuma, akavuka barabara kwenda duka la dawa.

"Dada, kichwa kinauma."

"Nakiona! Lakini bila PF3 ya polisi sikugusi, kaka."

Watu wakajaa. Mama mmoja akaanza kulia. Mwingine akauliza kama huyu ni majeruhi au mwizi, na mtaani kwetu swali hilo jibu lake huwa halisubiriwi. Kijana, katika kujiokoa, akashika kidonda kwa vidole viwili, akakibandua chote na kukiweka juu ya kaunta. Yule mama akaacha kulia. Alikuwa amezimia.

Mwongozaji alitaka nikibandike kilekile. Hakibandikiki: kingo zikishajikunja na kuchanika, mwisho wake ndio huo, ndiyo maana kila siku ya kupiga picha huandaliwa kipande kipya. Yeye anaamini ni uvivu wangu.

Basi ukiombwa kuigiza maiti, paka vaselini kwenye nyusi, la sivyo zitaondoka na mpira. Kubali kujaribishiwa tone moja kwenye mkono siku moja kabla, kwa sababu wapo watu ambao mpira huwavimbisha, na uvimbe huo hatuwezi kuubandua. Na kichwa kikiuma, sema. Panadol ninazo.