Sifa za Kunguru, Mwenyeji wa Mombasa

Mtu wa Malolo hakosi kumjua kunguru. Kule bondeni Kilosa, Tanzania, ambako maji ya mto Mwega hunywesha mashamba ya vitunguu, yuko kunguru mwenye kifua cheupe, ndege wa makamo, anayejua mipaka yake na ya mwenye shamba. Kwa hiyo tuseme mke na mume wa huko wamehamia Mombasa kutafuta maisha, wamepanga chumba na sebule Likoni, na wikiendi yao ya kwanza wameamua kuuzunguka mji. Wakimwona kunguru juu ya paa, hawatamjali.

Huo ni utovu wa adabu. Kunguru wa Pwani, mwembamba, shingo ya kijivu, sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta, ndiye mwenyeji wa mji na anastahili kusifiwa. Wengine wote wanaowapokea wageni Mombasa, kuanzia dalali wa nyumba hadi kijana wa tuktuk, wanangoja chochote kidogo. Yeye huanza kazi alfajiri, bila malipo.

Jumamosi asubuhi, kwa mfano. Mahamri na mbaazi vimewekwa kibarazani, mke ameingia ndani kufuata birika. Akitoka, hamri moja iko juu ya bati la jirani na inaliwa kwa utulivu. Mtu wa bara ataita huo wizi. Lakini tazama matokeo: mama mwenye nyumba, ambaye tangu jana hajasema zaidi ya habari za kodi, anacheka mpaka anakaa chini. "Mwanangu, huku chakula hufunikwa," anasema, na kuanzia hapo ni jirani. Ni balozi gani wa nyumba kumi angewajulisha watu upesi namna hiyo?

Tena kunguru anaelewa ugeni, kwa sababu naye ni mgeni. Kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890, chini ya Waingereza, kwa kazi maalumu ya kula taka za mji. Kwa maneno mengine, alikuja na ajira mkononi, jambo ambalo wahamiaji wengi wa leo hawalipati. Kufikia 1917 utawala uleule uliomleta ulikuwa umekwishamtangaza kuwa mharibifu. Aliachishwa kazi bila kiinua mgongo wala tiketi ya kurudi Bombay. Mwingine angevunjika moyo. Yeye aliendelea kuzaa. Mwaka 1947 akaonekana Mombasa bila kugongewa muhuri wowote, na mke na mume wetu, waliopanga foleni mpakani Lungalunga wakisubiri mihuri, hawawezi kuacha kumwonea wivu.

Kivukoni Likoni abiria wa miguu hawalipi, ila lazima wasubiri. Kunguru hasubiri. Wenzi wetu wakifika ng'ambo wanamkuta Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 na Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Baadaye Waingereza waliifanya gereza. Tangu 2011 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na kuingia ni kwa kiingilio, isipokuwa kwa wenye mabawa. Kati ya wote waliokuja kwa bahari kuutaka mji huu, ni kunguru peke yake ambaye hakufyatua mzinga hata mmoja, na ni yeye aliyebaki juu ya ukuta. Jioni, barabara ya Mama Ngina, atakuwapo tena penye viazi karai na mihogo, akihakikisha hakuna kinachoanguka chini kikapotea.

Jumapili ni soko la Kongowea. Huko vitunguu kutoka Tanzania vimepangwa kwa magunia, na mume anavishika kimoja kimoja kama anayesalimia ndugu. Kunguru haoni haja ya hisia hizo. Anapita juu ya magunia kwenda kwenye embe lililopasuka na matumbo ya samaki.

Watu hudai ndoa ughaibuni hutikisika. Mfano wa kuwatia moyo wenzi wetu upo. Mwaka 1994 kunguru wawili wa aina hii walifika Hoek van Holland, bandari ya Uholanzi, kwa kile kinachoaminika kuwa usafiri wa meli. Nchi ya baridi, hawana jamaa wala chama cha kuzikana. Miaka mitatu baadaye walikuwa na makinda, na ukoo ukaongezeka mpaka mamlaka za huko zikaamua kuumaliza kwa bunduki, na watetezi wa wanyama wakapinga mahakamani. Ni wahamiaji wangapi wamepata wakili bila kuomba?

Zipo lawama, na si haki kuzificha. Kunguru hula mayai na makinda ya ndege wengine, hunyakua vifaranga uani, na yule binamu yake mwenye kifua cheupe amesukumwa nje ya miji mingi ya Pwani. Bustani nyingine zimebaki bila kwera wala chiriku. Mwenye kutafuta la kusifu atasema amewapunguzia wenyeji kelele za asubuhi, kisha akazijaza mwenyewe.

Msemo wa mtaani unasema kunguru hafugiki. Wataalamu wa ndege wana habari tofauti: haijulikani jamii yoyote ya kunguru hawa inayoishi mbali na watu. Porini peke yake hawezi. Anahitaji majalala, machinjio, masoko yasiyofagiwa, na vyote hivyo tumemwekea kwa moyo mkunjufu zaidi ya karne moja. Kama huko si kufuga, basi na kuku wa Malolo hawafugwi.

Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kabla mwaka haujaisha. Sumu inayotumika huua polepole, na ndege huyu ana macho: akimwona mwenzake amenaswa mahali, hapakanyagi tena. Ndiyo maana kabla ya siku ya sumu huandaliwa vipande vya nyama safi, siku kadhaa mfululizo, mahali palepale, hadi aamini kwamba ni karamu ya kweli. Nyama hiyo, kwa bei za Mombasa, mke na mume wetu bado hawajaionja tangu washuke kwenye basi.