Barua ya Wazi kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Kazi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuletea, kwa niaba ya baadhi ya wasimamizi wa mashamba ya maua na kahawa chini ya Mlima Meru, ambao ndimi zao zina makali kuliko mikasi ya kukatia mawaridi, shakawa yao juu ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Sheria hiyo, kwa utovu wake wa adabu, inamhesabu mfanyakazi aliyeacha kazi kwa kuwa mwajiri ameifanya isivumilike kuwa ameachishwa, hata muungwana aliyeshinda akitukana wapogoaji aweza kumponza tajiri wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Na akimtaka binti wa watu mwili ndipo ampe zamu nzuri, TAKUKURU nao, kwa sheria ya 2007, huiita hiyo rushwa!

Kwa bahati wasimamizi wamepata dawa, nayo ni kalenda. Aliyeachishwa ana siku 30 tu za kupeleka shauri, na madai mengineyo siku 60. Basi huambiwa kwa upole, "Nenda nyumbani, mama, tutakuita tuyamalize humu humu," naye hungoja hadi siku ya 31, asibakiwe na la kufanya ila kuiomba Tume ipokee udhuru wa kuchelewa. Kuna na karatasi iliyokwisha kuchapwa, "Ninaacha kazi kwa hiari yangu kwa sababu za kifamilia," ambayo ikishatiwa dole gumba huyageuza matusi ya miaka mitatu kuwa mambo ya nyumbani. Laiti angeandika sababu ya kweli, na kabla ya hapo akapeleka malalamiko kwa uongozi kwa maandishi, akabaki na nakala! Lakini nani amwambie?

Watu wa mlima huu si wa kuchezewa, Mheshimiwa: mwaka 1952 walimtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, kushtakia kufukuzwa kwao katika ardhi yao ya Engare Nanyuki. Itakuwaje wajukuu wao wakigundua kuwa Tume iko Arusha mjini, nauli ya daladala tu?

Kwa hiyo tunaomba kifutwe kile kifungu kimtakacho kila mwajiri abandike mahali pa wazi maelezo ya haki za wafanyakazi. Katika shamba moja nilijualo yamebandikwa ofisini kwa msimamizi, nyuma ya mlango, nao mlango ule hufungwa kila mtu anapoitwa kukaripiwa. Fanya hima, Mheshimiwa; wengine wameshafika ukurasa wa pili.

Wako mtiifu,
Mwombezi wa Wasimamizi, Arusha