Namna ya Kung'arisha Kisu Mpaka Kisikate Hata Lengalenga

Una kisu kilichofuliwa kwa springi ya lori lililokufia barabara ya Sake, na unataka king'ae kushinda vya dukani. Hongera. Fuata hatua hizi na mama mkwe atakisifu, mradi asikiguse.

Kwanza, achana na tupa. Kazi yake ni kuondoa makovu ya nyundo, nayo inatoa jasho. Anza moja kwa moja na msasa laini, namba 400. Mabonde yote yatabaki palepale, ila yatang'aa.

Pili, tumia jiwe la bure. Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya Goma hadi kwenye uwanja wa ndege, na mpaka leo tunajengea kuta mawe hayo. Kwamba yamejaa matundu, na kinoo hutakiwa kiwe na chembe zilizoshikamana sawasawa, hayo ni maneno ya wazee.

Tatu, umeme ukirudi, usipoteze hata dakika. Kandamiza kisu kwenye jiwe la mashine wala usikichovye majini. Makali yatageuka manjano, kisha zambarau, mwishowe buluu. Wahunzi watakwambia buluu ni karibu nyuzi 300, na kwamba hapo ugumu waliokitia umepungua. Wivu tu, vyao havina rangi hiyo.

Nne, sugua mwelekeo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi makini akitoka msasa wa 80 kwenda wa 120 hugeuza mkono, ili mikwaruzo ya awali ijitokeze. Ikiisha yote ndipo anashika wa 240. Wewe una haraka. Mikwaruzo iite nakshi.

Tano, kioshe, kiache kibichi, usipake mafuta. Masika yatakimalizia kwa kutu.

Sasa kipeleke soko la Virunga. Vijana watajitazama meno kwenye ubapa. Mama muuza nyama hatautazama, atapitisha kidole gumba kukingama na makali, polepole, kisha akurudishie: "Papa, hii ni kioo. Mimi natafuta kisu."

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, kinachong'aa hawakukitaja. Ukitaka cha kukata, pindua mwongozo huu wote: tupa mwanzo, maji karibu, mafuta mwisho. Mng'aro utakuja wenyewe.