Dhahabu ya Kilwa na Bili ya Zeituni

Kwetu Kilwa, chakula kikitua mbele yako bila kuagizwa, huo ni ukarimu, na kukiacha ni utovu wa adabu. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, mhudumu alinishushia mkate, siagi, jibini na zeituni kabla sijafungua kinywa. Nikamwombea dua, nikala hadi sahani zikatakata. Bili ilipokuja, kila kitu kilikuwa kimeandikwa, zeituni kwa bei yake na siagi kwa bei yake.

Shemeji yangu, Mmakonde wa Msumbiji aliyelowea huko, alicheka mpaka akafuta machozi.

"Shemeji, ndiyo desturi yao. Usipogusa, hulipi."

Sasa hebu niambie, nani amewahi kuwekewa zeituni asiguse?

Tena chakula chenyewe kilikuwa bacalhau, ambacho shemeji alinisifia tangu uwanja wa ndege: fahari ya taifa, mlo wa mkesha wa Krismasi. Kufunua, ng'onda! Samaki wa chumvi, mkavu, mwenye harufu ya stoo ya bibi. Na samaki huyo wala si wa bahari yao. Humwagiza Norway na Iceland, ilhali Atlantiki iko pale mlangoni. Kwetu ukimwandalia mgeni ng'onda na changu wabichi wamejaa sokoni, ukoo mzima unaitiwa kikao. Nilimmaliza pamoja na viazi, vitunguu na mafuta ya zeituni, lakini kwa kununa.

Mji wenyewe umepanda vilimani, na njia zake za miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyosuguliwa na nyayo hadi vinang'aa kama kaure. Asubuhi moja mtaani Alfama, mwenye duka alikuwa amemwaga maji ya kudekia. Makubadhi yangu yakashika njia yao, nami nikashika yangu. Niliteremka kwa makalio, nikaipita tramu namba 28 iliyokuwa imekwama kwenye foleni. Abiria wakanipigia makofi.

Nikasema, bahari haitanigeuka. Tukaenda Cascais, Agosti, jua la utosi. Nikakimbia, nikajitosa. Subhanallah! Kumbe kiangazi upepo wa kaskazini huyasukuma maji ya juu, na yale ya baridi hupanda kutoka vilindini. Nilitoka majini kabla sauti yangu haijatoka kooni. Vikongwe wa Kireno waliendelea kuogelea wakipiga soga.

Kunituliza, shemeji akanipeleka Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Humo mna chombo cha kanisa cha dhahabu, kazi ya mwaka 1506, chenye mitume kumi na wawili waliopiga magoti. Uzuri wake hausemeki. Dhahabu yake ni ya Kilwa: mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na meli za mizinga, akamlazimisha mtawala wetu kulipa kodi.

Nikarudi dirishani kwa binti aliyenikatia tiketi.

"Samahani dada, wanafunzi wana punguzo?"

"Wanalo."

"Na wazee?"

"Wanalo pia."

"Na wenye dhahabu?"

Shemeji akanivuta mkono. Njaa ilikuwa inauma, na safari hii niliapa kukalia mikono yangu hadi zeituni ziondolewe mezani.